Jina la Printa Yangu Lilipohamia kwa Meneja

Msinicheke. Miaka ile viwanda vya minofu ya samaki vilikuwa vinachipuka kama uyoga Mwanza, na chetu cha Nyakato kilikuwa na kompyuta moja na printa mbili: moja mezani kwangu, nyingine kwa meneja, Mama Koku, chumba cha pili.

Jumatatu moja nikaweka mfumo mpya kwenye kompyuta. Maelekezo yalionya kwamba majina ya printa yatabadilika, kwa hiyo yale ya zamani yaelekezwe upya, la sivyo programu zitapeleka kazi kusikostahili. Ukurasa huo niliuruka. Mjuaji mimi!

Mchana nikachapa barua yangu ya siri, ya kuomba kazi kiwanda jirani. Printa kimya. Nikatikisa waya, nikabonyeza tena, na tena, na tena. Ndipo nikasikia mlio wa kuchapa ukitokea nyuma ya ukuta.

Mlango ukafunguka.

"Shikamoo mama," nikaropoka, ingawa nilishamwamkia asubuhi.

"Marahaba." Mkononi alikuwa na nakala nne za barua yangu. Akavaa miwani, akasoma polepole: "'Mimi husoma maelekezo yote kabla ya kugusa mashine.'" Akaniangalia. "Huyu ni nani, mwanangu?"