Kiti cha Kumshushia Fundi

Sauti ya msusi yule ilikuwa kubwa kuliko saluni yake. Akicheka, wapita njia waligeuka. Akimwita mteja aliyesahau mwavuli, mtaa mzima ulijua ni nani kasahau mwavuli. Ndiyo maana watu walimwita Kipaza, na jina lenyewe alilipenda hadi akamwambia mchora vibao aliandike juu ya mlango.

Aliyeweza kushindana naye kwa sauti alikuwa mmoja tu: Fundi, seremala mstaafu aliyekaa ghorofa ya nne katika jengo la ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi Fundi alifungua dirisha, akaegemeza viwiko juu ya mto aliowekewa na mkewe, akaanza. Siasa ndiyo iliyokuwa kifungua kinywa chake. Kipaza alikuwa na mgombea wake, Fundi naye na wake, na wawili hao hawakuwahi kukubaliana hata kuhusu hali ya hewa.

"We binti! Huyo mtu wako jana kaahidi daraja. Daraja la kwenda wapi, na mto hatuna?"

"Mzee, wa kwako kakaa madarakani mpaka kiti kimechukua umbo la makalio yake! Kajenga nini?"

Wateja wenye vichwa vilivyosukwa nusu walishika mbavu. Lakini hakuna aliyewahi kumwona mmoja wao amekasirika kweli. Siku Kipaza alipougua mafua akafunga saluni, Fundi alimtuma mkewe na ndimu na salamu kwamba apone upesi, kwani kumtukana mtu asiyejibu hakuna raha.

Siku ya uchaguzi uliopita, Fundi alitoa mkono dirishani, kidole kimoja cheusi nchani, akapaza sauti: "Mimi kazi nimemaliza! Wewe bado unasuka!" Kipaza alimjibu kama alivyostahili, akafunga mlango, akaenda kupanga foleni.

Kipaza alikuwa pia katika kikundi cha kujitolea. Hawakuwa wengi: yeye, muuguzi mmoja mstaafu, na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kuhamisha samani. Uchaguzi ukikaribia walipita nyumba kwa nyumba. Nani hajui kituo chake kimehamishiwa wapi? Nani kapoteza kadi? Nani ana mtoto mchanga na hana wa kumwachia? Walikuwa wamefundishwa kazi hiyo kwenye semina, na mwisho wake wakala kiapo: usimuulize mtu atampigia nani.

Alasiri moja mke wa Fundi alikuja kuoshwa nywele. Alikuwa mama mpole, mwenye tabia ya kufumba macho mara tu kichwa chake kikigusa beseni.

"Mama," Kipaza alimwambia huku akisugua povu, "mwaka huu mzee asitoroke peke yake asubuhi. Tutakwenda naye, anitukane njiani."

Yule mama hakucheka. Maji yalitiririka kidogo, kisha akasema bila kufumbua macho, "Mwanangu, ule haukuwa wino."

"Upi?"

"Wa kidoleni. Ilikuwa vanishi."

Kipaza alifunga bomba.

Mama akaeleza polepole. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua mguu wa kushoto wa mumewe, na lifti ya jengo ikafa mwaka uleule. Tangu hapo Fundi hakuwa amekanyaga chini. Ngazi zilikuwa nyembamba, yeye mzito, na alikuwa na haya isiyo na mfano. Majirani wakidhani hutoka mapema kabla hawajaamka, yeye huwaacha wadhani hivyo. Siku ile ya uchaguzi alichovya kidole kwenye kopo lake la vanishi nyeusi, akaketi kusubiri ikauke.

"Halafu akanihimiza nikapige kura yangu, nisichelewe. Niliporudi alinishika mkono, akakitazama kidole changu. Akakitazama sana." Mama akafumbua macho. "Usimwambie nimekwambia."

Kwa mara ya kwanza tangu saluni ifunguliwe, Kipaza aliongea kwa kunong'ona. "Simwambii, mama."

Jioni hiyohiyo alikiita kikundi chake. Muuguzi alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma. Shemeji ndiye aliyekunja uso.

"Shemeji, sisi sote tunajua kura ile inakwenda wapi. Anaipigia mayowe kila siku. Niumie mgongo mimi, afaidike mgombea wake?"

"Ulikula kiapo."

"Nilikula wakati sijamfikiria yeye."

Ukweli ni kwamba wazo hilo lilikuwa limeshampitia Kipaza pia, palepale kwenye beseni, na lilimkera. "Tukiwashusha wale tu watakaotufurahisha," alisema, "basi sisi si watu wa kujitolea, ni wapiga debe. Mimi nataka yule mzee ashuke. Akishashuka, afanye yake."

Shemeji alikuna shingo, akashusha pumzi. "Kwa kumbeba mgongoni haiwezekani. Tutaanguka wote."

"Kitafutwe kiti," muuguzi akasema. "Kiti madhubuti, chenye mishikio mbele na nyuma. Na mkanda."

"Nani atakitengeneza?" shemeji akauliza.

Kipaza alitazama ng'ambo ya barabara, akatabasamu.

Kesho yake alizipanda ngazi zote, akafika juu akihema, akakaribishwa ndani. Chumba kilinukia mbao. Randa, patasi na misumeno vilipangwa ukutani, vimepakwa mafuta kana kwamba kuna mteja anayesubiri.

"Mzee, nina kazi," alisema. "Tunataka kiti cha kumshushia mtu ngazi, siku ya kura. Shemeji yangu ndiye atakayebeba."

"Mtu gani?"

"Yupo mmoja. Mzito kiasi. Mbishi."

Fundi alimkazia macho. "Mguu gani mbovu?"

Kipaza aliitazama misumeno ukutani. "Wa kushoto."

Jikoni, ghafla sufuria zilianza kugongana kuliko kawaida. Fundi akageuza shingo kuelekea huko, kisha akaiinamia mikono yake.

"Huyo mwanamke," alisema hatimaye, "hawezi kuficha siri hata ya chumvi iliyozidi."

"Mzee, mimi sikuja kukucheka."

"Ungekuja kunicheka ningekuelewa zaidi." Akapangusa uso kwa kiganja, akavuta penseli kutoka nyuma ya sikio. "Wahamisha samani wanabeba vitu kama wanaviiba. Nenda kanipimie huyo shemeji yako, toka begani mpaka kiunoni. Na uniletee mbao ngumu, si takataka."

Kwa siku kadhaa dirisha lilifungwa asubuhi, na badala ya siasa mtaa ulisikia msasa. Kiti kilipokamilika kilikuwa kizuri kupita kazi yake: mikono imepinda vizuri, mishikio imelainishwa isikate viganja, egemeo limelazwa nyuma ili mtu asimwagike. Hakuna aliyehitaji kuuliza kipimo cha nani kilitumika.

Siku ya kura Fundi alivaa suti iliyokuwa imembana tumbo, akafungwa mkanda, akashika mikono ya kiti kwa nguvu. Shemeji alikuwa chini, kijana wa jirani juu, Kipaza mbele akitoa amri zilizosikika jengo zima.

"Kona! Polepole! Shemeji, goti!"

"Binti, punguza sauti, watu watatoka kutazama!"

Walikuwa wameshatoka. Kila ghorofa mlango ulifunguka. Mzee alifumba macho kwa aibu, mpaka mwanamke mmoja wa ghorofa ya pili aliposema, "Fundi! Huu mlango wangu ulinitengenezea wewe, na mpaka leo haujalegea." Hapo akafumbua. Akanyoosha mkono, akaugusa ule mlango wakati wakipita naye.

Nje, aliomba atuliwe kidogo. Aliiteremsha miguu yote miwili akaikanyaga lami, ule mzima na ule mbovu, akakaa hivyo akitazama magari. Hakuna aliyemharakisha. Hata Kipaza alinyamaza.

Kituoni foleni iliwapisha. Shida ilianza kwenye mashine ya kusoma alama za vidole. Karani alimwambia aweke kidole, mashine ikakataa. Kidole kingine, ikakataa. Alijaribu vyote, akavipangusa kwa kitambaa chenye maji, akarudia. Miaka ya msasa ilikuwa imezifuta alama zote.

Uso wa Fundi ulimshuka. "Nirudisheni," alisema taratibu. "Mmeshajitahidi. Nirudisheni nyumbani."

"Harudi mtu," Kipaza alisema. Kisha, kwa upole ambao shemeji yake hakuwahi kuujua, akamgeukia karani. "Ndugu yangu, jina lake lipo. Kadi anayo, picha ni yeye. Tulifundishwa kwamba vidole visiposoma, msimamizi wa kituo anaitwa, anamthibitisha kwa kadi. Tunaomba umwite."

Karani, kijana aliyeonekana hajapata hata maji tangu alfajiri, alishukuru kuambiwa. Msimamizi alikuja, akaitazama kadi, akamtazama mzee, akajaza fomu na kutia sahihi. "Utahitaji mtu wa kukusaidia kuweka alama, mzee?"

"Macho yangu hayana kiharusi," Fundi akajibu.

Mkewe, aliyekuwa amefuatana nao, alimshikilia mpaka kwenye kibanda, akarudi nyuma. Fundi alikaa humo muda mrefu mno. Shemeji alimnong'oneza Kipaza, "Anafanya nini muda wote huo, na kura yake tunaijua?" Kipaza akampiga kiwiko. Mzee alipotoka, alitumbukiza karatasi yake mwenyewe, akachovya kidole, akakinusa. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Mgombea wa Fundi alishinda.

Asubuhi ya matokeo Kipaza alilia saluni, akiupa mlango mgongo. Dirisha la ng'ambo lilifungwa asubuhi hiyo, na kesho yake pia. Siku iliyofuata, kabla ya mchana, mlango ulisukumwa kwa kiti. Shemeji na yule kijana wa jirani waliingia na Fundi, jasho likiwatiririka.

"Kasema ana dharura," shemeji akaeleza.

Fundi alivuta pumzi kama mtu aliyeandaa hotuba tangu usiku. Kisha akayaona macho mekundu ya Kipaza, na hotuba ikamfia mdomoni.

"Nikate nywele," alisema.

Kipaza alimfunga shuka, akachukua mkasi.

"Mtu wako alizungumza vizuri alipokubali kushindwa," Fundi akasema. "Nilimsikiliza mpaka mwisho."

"Ulimsikiliza?"

"Redio ilikuwa mbali. Nisingeweza kuizima."

Kipaza alicheka, na mtu aliyekuwa akipita barabarani akageuka. Alipomaliza kumkata, shemeji alisogea kukinyanyua kiti. Fundi akamzuia kwa mkono. Alisema yeye hana haraka, waende wakale kwanza, warudi jioni. Bado kuna mambo kadhaa kuhusu bunge ambayo huyu binti hajayaelewa.