Gaudiosa na Sini ya Mwisho

Mtu anayetengeneza filamu bila kampuni, bila gari na bila hata wa kumbebea stendi ya kamera, Gaudiosa atampa shauri moja kabla hajafika kwenye lenzi na betri: katika watu wako, mjue anayeweza kukuponyoka, umrekodi huyo kwanza. Nyumba itakungoja. Shamba litakungoja. Binadamu ana mambo yake. Atakwambia hayo huku anafuta kamera kwa kitambaa, hakutazami, na wewe utadhani ni maneno ya ufundi tu.

Na ufundi anao, tusimpunje. Ana chumba kimoja cha kazi pale Sumbawanga mjini, kompyuta moja, pazia la kijani na kiti cha mteja. Ana miaka thelathini na sita, hajaolewa, hana mtoto, na kila Jumamosi anakula pilau ya harusi ya watu asiowajua. Akifika kanisani humtafuta kwanza katekista, si padre, kwa sababu katekista ndiye ajuaye padre wa leo hukasirishwa na nini. Akifika ukumbini humsalimia MC kabla ya kamati nzima, maana MC akikuchukia keki italiwa kamera ingali begini. Hakuna aliyemfundisha haya. Kila moja alilipata kwa kuaibika mbele za watu.

Halafu kuna upepo. Wanaokuja na vifaa vyao vizuri kutoka Dar hufundishwa adabu huku Ufipa siku ya kwanza tu. Uwanda uko wazi, hauna mti wa maana wa kuuzuia, na upepo ukishaingia kwenye maiki hautoki. Mteja atavumilia picha yenye giza kidogo, lakini sauti ya baba yake akitoa baraka ikimezwa na upepo hatakusamehe mpaka kiama. Ndiyo maana siku moja Gaudiosa alichukua kipande cha blanketi la mtoto, lile lenye manyoya, akaenda sokoni kutafuta wa kumshonea kifuniko cha maiki.

Aliyempata ni Jenifer, fundi cherehani, msichana wa Pito mwenye miaka ishirini na minne. Jenifer alipima, akaandika namba, akapima tena.

"Dada, samahani. Huyu mtoto kichwa chake kikoje? Mbona kama ndizi?"

"Si mtoto. Ni maiki."

Jenifer alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Gaudiosa naye akacheka, na aliporudi chumbani kwake jioni alijishangaa, kwa kuwa hakukumbuka mara ya mwisho aliyocheka na mtu ambaye hakuwa mteja.

Sasa, Gaudiosa alikuwa na hadithi yake aliyoibeba miaka mingi. Mwanamke mmoja ameachwa na mumewe, Mathias, aliyekwenda Mpanda kuchimba dhahabu asirudi. Mwanamke anabaki katika nyumba ya Mathias, analima ulezi wa Mathias, anaitikia salamu za ndugu za Mathias. Siku moja baada ya mavuno anafunga mlango na kuondoka kupitia shambani, hageuki. Basi. Filamu yote, aliyoiita *Nyumba ya Mathias*, ilikuwa inaelekea kwenye hatua hizo za mwisho. Mathias mwenyewe haonekani hata mara moja, na hilo lilimpunguzia mwigizaji mmoja.

Mwanamke angekuwa Jenifer. Jenifer hakuwa amewahi kuigiza popote isipokuwa igizo la Noeli kigangoni, na hapo aliigiza kondoo. Lakini alikuwa na uso ambao kamera huupenda, na alikubali palepale. Mama yake akawapa shamba la ulezi na kibanda cha zamani kilichokuwa pembeni yake.

Hapo ndipo Gaudiosa alipokosea. Wenye uzoefu hurekodi filamu shaghalabaghala, mwisho asubuhi na mwanzo jioni, kisha huipanga mezani. Naye alilijua hilo vizuri. Lakini alitaka ulezi uonekane ukipandwa, ukipaliliwa, ukiinamisha vichwa, ukivunwa, na Jenifer achoke pamoja nao. Kwa hiyo akafuata msimu. Mfipa ni Mfipa tu, hata umpe kamera atangoja mvua.

Walianza Desemba, kila Jumapili baada ya misa ya pili. Gaudiosa alibeba kamera na stendi, Jenifer alibeba maiki na mfuko wa nguo za filamu: gauni la bluu lililopauka, sweta la kahawia, kanga na kitambaa cha kichwa. Mvua ikija walijibanza kibandani wakala mahindi ya kuchemsha. Mama Jeni akiona wamechelewa aliwaletea ugali wa ulezi na maharage, akauliza kama hiyo Hollywood yao haina jiko. Zilikuwa siku njema kuliko zote alizoishi Gaudiosa. Alikuja kulijua hilo baadaye, kama tunavyolijua sote.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita, wakati nusu ya shamba imeshavunwa, Jenifer alikuwa anakung'uta makapi kwenye sweta.

"Dada Gau, barua yangu imejibiwa."

"Barua gani?"

"Ya masista. Wamenikubali. Naingia nyumba ya malezi tarehe ishirini."

"Tarehe ishirini ya mwezi gani?"

"Huu huu, dada."

Aliandika mwaka juzi, akaeleza, kabla hata hawajafahamiana. Kimya kilivyokuwa kirefu alidhani wamemkataa, akaona aibu kusema. Aliongea kwa furaha yenye woga, akimtazama dada yake usoni. Dada yake alikuwa anakunja stendi. Alisema "hongera", akafunga begi, akaondoka mbele.

Angeulizwa angesema ni filamu. Miezi sita ya kazi, sini moja imebaki, ile ya kufunga mlango na kuondoka, mwigizaji anakwenda utawani! Nani asingekasirika? Lakini haikuwa filamu. Alikuwa amezoea kuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na safari yake tangu mwanzo bila kumwambia. Iliuma, na kwa kuwa hakujua pa kupeleka maumivu hayo, alinuna.

Zilibaki Jumapili mbili. Mwisho ule ulihitaji dakika arobaini, mlango, na shamba lililovunwa nusu, na vyote vilikuwepo. Jumapili ya kwanza alituma ujumbe kwamba ana kipaimara Mwazye. Hakukuwa na kipaimara chochote Mwazye. Alishinda chumbani anapanga nyaya.

Jumapili ya pili Jenifer alikuja mwenyewe. Gaudiosa alimwona kwenye upenyo wa pazia la dirisha: amevaa gauni la bluu na sweta la kahawia, kanga kiunoni, kitambaa kichwani, maiki mkononi. Alikuwa amevaa tayari kwa kazi, akapita mjini hivyo hivyo.

"Hodi! Dada Gau! Upo?"

Gaudiosa alizuia pumzi, mwanamke mzima, amesimama nyuma ya pazia lake. Jenifer alibisha tena, kisha akakaa kizingitini. Alikaa karibu nusu saa. Jua lilikuwa zuri siku hiyo, la baridi, lile linalochora kila jani. Mwishowe akanyanyuka akaenda zake. Hasira hasara, husema watu, nao hulisema haraka haraka kana kwamba ni jambo dogo.

Tarehe kumi na tisa, Stumai wa chipsi, jirani wa mlango wa pili, alimpa mfuko. Ndani mlikuwa na nguo za filamu, zimefuliwa na kupigwa pasi, na maiki juu yake. Hapakuwa na kikaratasi.

Mwezi wa nane alikwenda kwenye nyumba ya malezi, huko ng'ambo ya Mollo, siku ya wageni. Alivaa sketi ndefu, akabeba sukari na sabuni. Sista Lucia, mlezi wa wasichana wapya, alimpokea.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, dada. Wewe ndiye wa sinema?"

Gaudiosa alieleza shida yake. Dakika arobaini tu, shambani kwao, mama yake akiwepo. Sista Lucia alisikiliza mpaka mwisho, bila haraka.

"Mwaka huu wa kwanza hawatoki," alisema. "Si adhabu, dada yangu. Wanajifunza kuacha. Nikimtoa kwa ajili yako, nitamtoa kwa ajili ya kila mtu."

Hata hivyo aliwaruhusu kuonana, dakika kumi, mlango wazi. Jenifer aliingia na sketi ya kijivu na kitambaa cheupe, nywele zimekatwa kabisa, amenenepa mashavu. Alikuwa na furaha. Gaudiosa alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, lakini si hilo.

"Umeshamaliza filamu, dada?"

"Bado."

Jenifer alitazama dirishani. Nje wenzake walikuwa wanamwagilia kabichi.

"Nilikuja ile Jumapili," Jenifer akasema.

"Najua. Nilikuwa ndani."

Jenifer aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa anajua tangu siku ile. "Basi," alisema, akamshika mkono. "Imalize, dada. Usiiache hivyo." Kisha kengele ikalia, na Jenifer akaondoka mbio, kama anayechelewa mahali anapopapenda.

Gaudiosa alijaribu kumtumia binti mwingine, Salome, lakini Salome alitembea kama mtu aliyetumwa dukani. Akamrudisha kwao kwa shukrani. Ndipo wazo likamjia, na alilikataa wiki nzima kabla ya kulikubali: katika sini ile mwanamke anaonekana mgongo tu, na yeye na Jenifer urefu wao mmoja.

Kwa wiki tatu alikaa mbele ya kompyuta akimtazama Jenifer akitembea. Akichota maji, akipeleka jembe, akirudi. Alirudisha nyuma, akatazama tena. Aliona mguu wa kushoto unavyotupwa nje kidogo, bega la kulia linavyotangulia, kichwa kinavyoinama kila baada ya hatua chache kana kwamba mwenye nacho amesahau kitu. Aliyafanyia mazoezi chumbani, kutoka kompyuta mpaka mlangoni, hatua sita kwenda na sita kurudi. Mtu unaweza kuishi naye miaka usimjue hivyo.

Kisha akaenda Pito peke yake, siku ya kazi, watu wakiwa hawapo. Kwa atakayetaka kujirekodi mwenyewe, alifanya hivi. Alisimamisha kamera, akaning'iniza jiwe chini ya stendi upepo usiitikise. Aliweka ndoo pale ambapo kichwa chake kingekuwa, akalenga lenzi kwenye ndoo mpaka ikaonekana wazi, akaizuia lenzi isijibadilishe. Akaiondoa ndoo, akaacha alama ya kijiti. Akabonyeza, akakimbia ndani ya kibanda, akahesabu kumi pumzi itulie, akatoka, akafunga mlango, akatembea. Akarudi mbio kuangalia. Kichwa kimekatwa. Akarudia. Kanga imepeperuka ikafunika kila kitu. Akarudia. Hapakuwa na mtu wa kumwambia "sawa" wala "hapana", na mara ya tano alijisikia akiuliza kwa sauti, "Imekaaje?" halafu akangoja.

Mara ya nane ndiyo iliyokaa. Alitembea kwenye mabua makavu akiwa ndani ya sweta la Jenifer, upepo ukimsukuma, na alilia kuanzia hatua ya kumi mpaka mwisho wa shamba. Alitaka kugeuka. Lakini mwanamke wa filamu hageuki, kwa hiyo alikwenda mpaka kwenye mtaro, akasimama huko, akingoja muda upite ili aweze kurudi kuizima kamera.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi wa kigango cha Pito, Jumapili mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, picha zikirushwa ukutani. Walikuja watu kama sitini. Walicheka Jenifer alipoanguka na ndoo, wakamtukana Mathias kwa Kifipa, mpaka mwisho ukafika. Mwanamke alifunga mlango. Akatembea, akawa mdogo, akaisha.

Watu walipotoka, Mama Jeni alibaki kwenye benchi la mbele. Gaudiosa alimwendea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nirudishie pale mwisho."

Akamrudishia. Mama Jeni alitazama mikono ikiwa mdomoni, na machozi yakamshuka bila yeye kuyafuta.

"Mwanangu huyo," alisema. "Kuondoka kwenyewe, aliondoka nyumbani hivyo hivyo, kwa mwendo huo. Ni mwendo wa marehemu mama yangu, unauona mguu wa kushoto? Hata ungenionyesha watu mia kwa mgongo ningemtoa. Rudisha tena."

Gaudiosa alirudisha. Maneno yalikuwa kwenye ulimi wake, tena machache tu. Alimtazama mama yule anavyouinamia ukuta, karibu aushike, na akayameza. Alirudisha mara ya tatu, kisha akamhamishia kipande hicho kwenye simu, ili awe anakitazama nyumbani.

Mama Jeni aliifunga simu kwenye pindo la kanga yake. Alipofika mlangoni alisimama kama aliyekumbuka adabu.

"Lakini wewe, mwanangu, mbona hatukukuona? Kazi yote hii, hukujiweka hata mahali pamoja?"

"Mimi nilikuwa nashika kamera, mama."

"Aa. Basi siku nyingine tafuta mtu akushikie, na sisi tukuone."

"Sawa, mama," alisema Gaudiosa, akaanza kuyashusha mablanketi madirishani.