Sauti ya Ordinateri ya Consolée

Consolée alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi macho yalipomzimikia, kidogo kidogo, la kushoto likitangulia. Watu wa Nyamianda, mtaani kwake Uvira, walimhurumia kwa muda, kisha wakamzoea. Yeye hakukubali kukaa tu. Alijifunza kuandika upya, safari hii kwa masikio: kuna programu inayosoma kwa sauti yote yaliyoandikwa kwenye ordinateri, yaani kompyuta. Sauti yenyewe ni ya Kifaransa, hivyo Kiswahili inakitafuna kama padri mgeni, lakini Consolée hakupotewa na neno.

Redio ndogo ya mtaa ilipomkubali atangaze kipindi cha afya, ndugu zake walichanga wakamnunulia ordinateri mpya katika duka la Nasoro, kule Mulongwe. Mashine ingemnong'oneza sikioni, naye angewaambia watu. Kipindi cha kwanza kilihusu kipindupindu, maana ugonjwa ulikuwa umeanza tena kuchukua watoto kando ya ziwa. Kingerushwa Jumatatu.

Jumamosi, akifanya mazoezi, sauti ilikwaruza ikakatika katikati ya neno. Akaizima, akaiwasha, ikasoma vizuri. Ilipopata joto, ikakatika tena.

"Noella," akamwita mdogo wake. "Unishike mukono. Twende kwa Nasoro."

Nasoro aliifungua mashine, akatazama kioo. Picha ilikuwa safi.

"Mama Consolée, hii iko muzima. Angalia mwenyewe…" Akamgeukia mdogo wake. "Noella, weye unaona. Iko na shida gani?"

"Picha haina shida, Papa Nasoro," Noella alikiri.

"Minye si mutu wa picha," Consolée alisema. "Nasikilizaka. Iache isome, na weye usikilize."

Ikaanza kusoma maandishi ya kipindi, kwa sauti ya juu pale dukani, na wateja wakasogea. Wengine waliicheka ile lafudhi. Ikasoma namna ya kunawa mikono, ikasoma dalili za ugonjwa, haikukwama hata mara moja. Noella alimfinya dada yake kiwiko. "Yaya, tuondoke. Watu wanatutazama." Consolée alianza kujitilia shaka. Je, masikio nayo yameanza kumdanganya? Alisikia Nasoro akivuta kiti kama mtu aliyekwisha kushinda.

"Mutoto akianza kuharisha," mashine ilisema, "musingoje. Mumupe maji yenye…"

Mkwaruzo. Kisha kimya.

Hakuna aliyecheka tena. "Yenye nini?" mama mmoja aliuliza.

"Yenye chumvi na sukari," Consolée akamjibu. "Maji yaliyochemka." Kisha akamgeukia Nasoro. "Umesikia?"

Nasoro akamwita fundi wake, Pitchou, aliyekuwa akitengeneza simu nyuma ya duka. "Ni waya ya sauti," Pitchou alisema. "Nafungua sasa hivi, munarudi nayo nyumbani." Bisibisi ikagonga meza. Consolée akaweka kiganja juu ya mashine.

"Usifungue."

"Mama, ni kazi ya kidogo tu."

"Ukifungua, garanti imekufa. Ikiharibika tena, mutasema ni mikono yangu iliiharibu."

Pitchou naye alikuwa ameishika. Consolée aliisikia ikivutwa chini ya kiganja chake, kidogo tu, na hakuachia.

"Pitchou, acha," Nasoro alisema. Akashusha pumzi. "Basi nitaituma Bujumbura kwa wale walioniuzishia. Watatengeneza."

"Na mupaka ikifungwa mashini ingali ngambo?"

Mpaka wa Kavimvira, njia ya Bujumbura, ulikuwa umewahi kufungwa bila kuaga, na kila mfanyabiashara wa Uvira alikuwa na kidonda chake.

"Iko ingine ya namna hii," Nasoro akasema. "Moja tu. Nakubadilishia, tunamaliza maneno."

Noella alikwisha kunyanyuka. Lakini Consolée alikuwa akiwaza: mashine ya aina moja, iliyokuja katika mzigo mmoja. Kuikataa ni kwenda redioni mikono mitupu. Kuikubali bila kuijaribu ni kukatikiwa na sauti mbele ya mji mzima.

"Uifungue katoni hapa," alisema. "Isome kama hii. Ikivumilia, naichukua. Ikikatika, unanirudishia feza yangu."

"Nikifungua katoni, nani atainunua tena kama mupya?"

"Papa Nasoro, na minye nilinunua mupya."

Adhana ya alasiri ikasikika. Nasoro alisimama, akasita, akapasua katoni. "Ikae ikisoma," alisema. "Natoka kusali. Nikirudi nikikuta ingali inasema, ni yako."

Wakaiwekea programu, nayo ikaanza. Consolée aliinamisha kichwa karibu nayo kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Aliiombea, kweli aliiombea, huku akingoja kuisikia ikifa.

Nasoro aliporudi, alisimama mlangoni. Duka lilikuwa kimya, na mashine inawaka bila kusoma.

"Imekufa lini?"

"Sasa hivi," Pitchou alimjibu, bila kunyanyua macho.

Nasoro akakaa. Hakubishana. "Zingine zote nilizipeleka kwa shule moja kule Lubarika," alisema taratibu. "Hawajanirudilia hata siku moja."

"Labda hawajazisikiliza," Consolée alisema. "Uwapigie."

Nasoro alimrudishia feza yake mkononi, noti kwa noti, akitaja kila moja ili asikie. Walipokuwa wakitoka, walimsikia akipiga simu Lubarika, akijitambulisha kwa sauti ya chini.

Jumatatu Noella alikaa nyuma ya dada yake studioni, akimsomea sikioni. Akaruka mstari, na redio nzima ikanyamaza. Consolée akamkamata goti, akayasema yaliyobaki kwa kichwa chake mwenyewe, kama zamani mbele ya darasa: chumvi, sukari, maji yaliyochemka, musingoje.

Mwezi uliofuata alinunua ordinateri kuukuu kutoka kwa mwanafunzi aliyekuwa anahama. Ni nzito, na feni yake inanguruma kama kinu cha kusagia mihogo. Kabla ya kulipa, aliisikiliza mchana kutwa.