Pumzi ya Mstari wa Mwisho

Mwaka niliomaliza chuo kikuu, serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi, nikarudi Ifakara kungoja kitu ambacho hakuna aliyeweza kuniambia ni nini. Nilikuta sauti ya jirani yetu imenitangulia kila mahali. Ilitoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kwenye kibanda cha fundi baiskeli, kwenye redio ya dada yangu jikoni. Tulikua naye mtaa mmoja na kuimba pamoja katika kwaya ya parokia tangu utotoni. Kisha mimi nikaenda kusoma, yeye akaenda Dar es Salaam kuimba kwenye bendi ya dansi, na sasa alikuwa na kaseti.

Niliisikiliza ile kaseti kama mtu anayesahihisha mtihani. Dada akitoka kwenda sokoni, naichomoa, naizungusha nyuma kwa kalamu ili nisimalize betri, halafu nasikiliza tena sehemu ileile. Anavuta pumzi kwa mabega. Kwenye kaseti huyaoni mabega, lakini unasikia, maana pumzi ya namna hiyo inaingia kwa kelele na kuisha upesi. Noti za juu anazipitisha puani. Noti haigusi moja kwa moja, anaanzia chini yake na kupanda, kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Na kosa ambalo mwalimu wetu wa kwaya hakumsamehe mtu yeyote: anapumua katikati ya neno.

Siku moja dada alinikuta nimeinamia redio.

"Enhe, umegundua nini?"

"Hajui kupumua."

"Mbona yuko hai?"

Nikamweleza habari ya pumzi ya tumbo, jinsi inavyobeba sauti. Alinisikiliza huku akichambua mchele, akinijibu kwa "mh" na "mh". Mwishoni akasema, "Kaka, huyu akiimba watu wanalia. Wewe ukiimba, watu wanasema umeimba vizuri."

Aliona amemaliza mjadala. Mimi nilimwambia watu hulia hata wakikata vitunguu. Lakini usiku ule sikuweza kulifukuza lile neno, vizuri.

Mavuno yalipokwisha, parokia ilijiandaa kwa misa ya kwanza ya padre mpya, kijana wa palepale Ifakara. Mwalimu wa kwaya alitunga wimbo wa shukrani wa kuimbwa baada ya komunyo, wenye beti za mtu mmoja na kiitikio cha kwaya nzima. Kila ubeti uliishia kwa mstari uleule, mrefu, unaopanda polepole, na yeye alitaka uimbwe kwa pumzi moja. Alinipa mimi zile beti. Nilifanya mazoezi nikiwa juu ya baiskeli kwenye njia ya Michenga, nikiubeba ule mstari kutoka kalavati moja hadi jingine bila kupumua, wakulima wakinitazama kama mgonjwa. Mama alikwishawaambia shangazi zangu wote. Nilizitaka zile beti kuliko nilivyowahi kuitaka shahada. Shahada ilikuwa kabatini, na hakuna mtu Ifakara aliyeweza kuisikia.

Juma moja kabla ya misa, jirani yetu akashuka kwenye basi. Jioni hiyohiyo akina mama wa sauti ya kwanza walishamwendea mwalimu: mtoto wetu amekuja, aimbe yeye. Mwalimu, ambaye hakupenda kusukumwa, aliniita pembeni.

"Wewe una sikio. Kesho tutampima. Ukiniambia hafai, nitakusikiliza."

Tulikutana kwenye darasa tulilozoea kufanyia mazoezi. Mwalimu alikuwa ameandika wimbo mzima ubaoni, kwa do, re, mi. Mgeni aliingia amevaa shati la kung'aa, akainama kidogo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa."

"Ni nguo, mwalimu." Akanigeukia. "Msomi. Nasikia leo wewe ndiye mtihani."

"Mimi nasikiliza tu."

"Basi sikiliza taratibu, ndugu yangu. Kuanzia Kidatu nimekuja nakula vumbi, barabara yote iko kooni."

Wanawake wakacheka, na mimi nikaona jinsi anavyofanya kazi: kabla hajaimba, tayari wako upande wake.

Kusoma ubao alikwishasahau. Aliomba aimbiwe mara moja, akafumba macho, kisha akaimba. Mabega yalipanda. Noti za juu zikapita puani. Alipofika mstari wa mwisho, pumzi ilimkatikia njiani, akavuta nyingine katikati ya neno, palepale nilipojua atavuta. Nikayasema yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ya utulivu niliyojifunza kwenye semina za chuo. Mwalimu alikuwa akiitikia kwa kichwa. "Kweli. Hilo nalo kweli."

Mama mmoja muuza mchele akanyoosha mkono kutoka nyuma.

"Mwalimu, naomba arudie."

"Kuna kitu hukusikia?"

"Nimesikia. Nataka arudie."

Akarudia, na makosa yote yakarudi pamoja naye. Wale wanawake walitulia kabisa. Mwalimu alifuta chaki mikononi na kunitazama kwa huruma, jambo lililoniudhi kuliko uamuzi wenyewe.

"Yote uliyosema ni sahihi," aliniambia. "Ila ile ni sherehe. Wewe utatushikia kiitikio."

Siku ya misa kanisa lilijaa hadi nje. Akina mama walitandika khanga ili padre mpya azikanyage, wakapiga vigelegele. Baada ya komunyo jirani yetu akasimama. Ubeti wa kwanza aliupita kwa shida ambayo niliiona mimi peke yangu. Kwenye wa pili nilimwona akipandisha mabega, nikajua hafiki. Nikangoja. Nilingoja kwa furaha, kama mtu anayetazama mpinzani wake akikaribia shimo.

Alinyamaza kabla ya maneno ya mwisho, akatandaza mikono kuelekea watu.

Nao wakayachukua. Kanisa zima, hata wasiowahi kufika mazoezini, wakaumalizia mstari kwa nguvu, naye akasimama pale anatabasamu na kuvuta pumzi yake kwa raha. Ubeti wa tatu aliwaachia mapema zaidi. Watu walikuwa wakifuta machozi.

Nje, mama alinikuta karibu na baiskeli zilizoegeshwa, macho yake mekundu.

"Umeona alivyotuachia wimbo?"

"Aliishiwa pumzi, mama."

"Alituachia," alisema, akaenda kuwasalimia wenzake.

Jirani yetu alirudi Dar kabla ya juma kuisha. Mwalimu akanikabidhi zile beti Jumapili iliyofuata, bila maneno mengi, na mimi sikujifanya kusita. Nilisimama mahali palepale alipokuwa amesimama. Mabega yangu yalitulia, pumzi ikajaa tumboni kama inavyotakiwa, kila noti nikaigusa katikati. Nikaingia mstari wa mwisho nikiwa na akiba ya kutosha kufika mbali kuliko ulivyoandikwa.

Yalipokaribia maneno ya mwisho, watu wakaingia. Wote, kwa pamoja, kwa nguvu zao zote, wengine wakinitabasamia, wakidhani wananisaidia. Wimbo walikuwa wamefundishwa hivyo. Sikunyamaza. Niliubeba mstari hadi mwisho kwa pumzi moja, mdomo wazi, sauti imenyooka, na hata mimi mwenyewe sikuisikia.