Uhuru wa Janice

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Kangemi, wapangaji, malandilodi na wauza mitumba, kwamba Janice binti Milcah, mwenye umri wa miaka minne, leo Ijumaa anajinyakulia uhuru kamili. Damu haitamwagika. Kuhusu mkojo, hatuna hakika.

Milcah mwenyewe hakuwa na hakika. Jumatatu alikuwa aanze kazi ya kufua nguo Parklands, na shule ya chekechea ya kumwachia Janice ilikuwa na sharti moja: mtoto ajipeleke choo. Asiyeweza arudi nyumbani akomae, aje mwakani. Na Janice, tangu azaliwe, hajawahi kushusha kitu mwilini bila mkono wa mamake. Pale ploti walimwita Bibi Gavana, maana hata kamasi alipanguswa na mtu mwingine.

"Tichaa, nataka susu," Janice akasema pale shuleni, walipokuja kujaribiwa.

Milcah akainuka mbio. Mwalimu Hannah akamwonyesha benchi. "Mama Janice, keti. Ataenda peke yake."

Mlango wa choo ukafungwa. Hapo ndipo Milcah akakumbuka pini. Taiti ya Janice ilikuwa ya kukulia, kubwa ya kumfikisha darasa la pili, na asubuhi alikuwa ameikaza kwa pini huko nyuma kiunoni, mahali ambapo hata mtu mzima angeita msaada.

"Tichaa, kuna pini..."

"Mama, ni wewe unaanza shule ama ni yeye?"

Mguno. Kisha kitu kikigonga ndoo. Milcah aliiona kazi ya Parklands ikitiririka kwenye miguu ya mtoto, ikiingia kwa soksi. Akaanza kuomba, akamwahidi Mungu mambo ambayo wote wawili walijua hatayatimiza. Mlango haukufunguka. Uvumilivu ukamwishia. Akakimbia, akausukuma mlango.

Janice alikuwa amesimama, taiti imening'inia shingoni kama skafu ya padri, pini ingali imefungwa. Hata na pini, taiti ilikuwa pana. Aliivuta tu ikashuka yote, akaivua, akaitundika shingoni isilowe. Mwalimu akaipapasa, akapapasa na soksi.

"Kavu. Jumatatu mlete."

Milcah akapiga magoti papo hapo mlangoni, machozi njia mbili. "Mami! Umejiweza! Malkia wangu, umenitoa aibu! Nani alikufunza?"

Nyuma ya Milcah alikuwa amefika msichana mwingine, magoti ameyabana, anarukaruka.

"Toka kwa mlango," Janice akasema. "Huyu anataka kukojoa."