Paa Lililosubiri Meli

Jana, pale Dongobesh, fundi alikuwa akipaka geti ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Harufu ikanishika koo. Nikamhamishia mtoto bega la pili, nikasonya. Baba yangu alikuwa ananukia hivyo hivyo.

Alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye karakana ya meli za kivita, huko pwani. Sisi tulikuwa Maretadu, kwenye baridi na mahindi, hakuna aliyewahi kuiona bahari. Lakini hiyo meli aliyokuwa akiikarabati tuliijua! Kila likizo alituambia ilipofikia: safari hii wamebandua vyuma vya chini vilivyooza, safari ijayo wanasubiri injini. Redio nayo ilisema ukarabati unaendelea vizuri. "Ikishushwa majini narudi kuezeka," alimwambia mama.

Maana kuta za nyumba mpya zilikuwa zimesimama, mabati yamelala zizini chini ya magunia. Kwetu siku ya kuezeka majirani huja wote, pombe inapikwa, na mume mwenye mji ndiye anayepigilia msumari wa kwanza. Mama akangoja. Masika ya kwanza matofali mabichi yakalainika. Ya pili, ukuta mmoja ukainama kama mlevi. Sisi tulilala kwenye nyumba ya zamani, inavuja, na mdogo wangu Paskalina anakohoa.

Asubuhi moja jirani yetu, Baba Qamara, akaja na wanaume wawili.

"Shemeji, tupe hayo mabati tuezeke. Huyu mtoto anaisha."

"Mwenyewe yuko njiani."

"Njiani na meli? Huku itapandia mlima gani?"

Wakacheka. Mama naye akacheka, akawakaribisha togwa. Mabati hayakutoka.

Paskalina tulimzika kabla maharage hayajakomaa. Baba alifika siku tatu baadaye, rangi kwenye kucha. Nikampa shikamoo, nikamuuliza kama meli imeshuka.

"Bado kidogo," akasema.

Miaka mingi niliichukia ile meli. Ujinga. Meli ni chuma tu. Nilipozaa ndipo nikaelewa kwamba mama alijua zamani kuwa haitashuka. Aliogopa tu kuezeka bila mume, kijiji kisije kikamhesabu mjane. Akailinda heshima ya baba kwa kifua cha mwanawe. Sijamsamehe, jamani. Na yeye hajawahi kuniomba.