Sehemu Waliyoiita Tamu

Nilipokuwa msichana, upande wetu wa Lindi, kitongoji cha pembeni mwa jiji, bado ulikuwa na msitu, na sisi wajukuu wa askari wa zamani wa mkoloni tulikuwa na nafasi ya kulima mahindi nyuma ya nyumba. Alasiri wanawake walikutana kwetu kusuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi rangi. Aliyemaliza tabaga lake alisimulia hadithi, na wenzake ndio waliochagua ipi.

Walichagua ile ile. Msichana anaenda kuokota kuni, mwanamume anamkamata msituni. Jirani yetu, bingwa wa kusimulia, akifika hapo aliweka kazi chini. Alionyesha kwa mikono jinsi leso ilivyovutwa, akaiga kilio cha msichana kwa sauti nyembamba, na wenzake wakacheka hadi machozi. Mwishowe wazee wanakaa, mwanamume analeta mahari, msichana anaolewa naye. Vigelegele.

Mama mdogo, aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, hakuwahi kuusikia mwisho huo. Hadithi ikiingia msituni, yeye anainuka. "Naangalia sufuria," anasema. Jikoni hakukuwa na moto.

Nilikuwa mdogo sana siku aliporudi kutoka msituni bila kuni. Bibi alifunga mlango, akachemsha maji. Baadaye wazee walikuja kukaa na babu, na yule mwanamume aliyemkamata huko akaleta sukari na mbuzi, ili mambo yaishe kwa ndoa. Mama mdogo alikataa. Mbuzi akarudishwa, na tangu hapo hakuna mchumba aliyepiga hodi kwetu. Majirani wote walijua. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: walijua, na bado walicheka pale pale kwenye mkeka wake.

Nilipomaliza tabaga langu la kwanza, zamu ikawa yangu. Wakaitaka ile ile. Nilimtazama mama mdogo, mkono tayari uko mlangoni, nikasema haraka, "Msichana akaingia msituni. Aliyoyapata huko ni yake. Akarudi nyumbani."

"Wewe! Umeruka!" jirani akapiga kelele. "Sehemu tamu yote umeiruka!"

"Tamu kwa nani?" nikamuuliza. Kwa umri wangu ilikuwa ni kukosa adabu, na nilijua.

Nikaendelea. Nilisimulia maji yaliyochemshwa. Nilisimulia msichana alivyokaa akiutazama ukuta, watu wakipita kimya na hakuna aliyemuuliza anaumwa wapi. Hakuna aliyecheka. Nikafika kwa wazee na mbuzi, hapo maneno yakaniishia, maana hadithi yao iliishia kwenye ndoa, na mimi sikuthubutu kutoa mwisho mwingine mbele ya mama mdogo.

"Alikataa," mama mdogo akasema. Hakuwa ametoka. Alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo.

Wanawake walikusanya nyuzi zao wakaaga vizuri tu. Kesho yake walikuja wachache. Haikupita muda wakahamia kwa yule jirani, ng'ambo, kitongoji cha Sarang'ombe, na upepo ukivuma kutoka huko tulisikia vigelegele. Nisidanganye, niliumia. Nilikuwa msichana, nilitaka kukaa na wenzangu. Mkeka wetu ulikuwa mpana na sisi tulikuwa wawili, na mama mdogo hakuwa mtu wa maneno.

Sijawahi kusema jambo lile lisisimuliwe. Lisiposimuliwa, msichana anabaki na ukuta wake. Ila anayesimulia afikirie kwamba labda aliyepatwa na hayo ameketi hapo hapo, anasuka, na aamue sauti yake anampelekea nani.

Alasiri moja, mvua imetuzuia ndani, mama mdogo aliniambia bila kuinua macho, "Ile hadithi yako hukuimaliza."

"Si wewe uliimaliza?"

"Mimi nilisema alikataa. Baada ya hapo je? Alipata mtu wa kukaa naye?"

Nilisogea karibu naye kwenye mkeka.

"Alipata," nikasema.

Akasuka kidogo, halafu akainuka. "Naangalia sufuria," akasema. Nikageuka kumtazama, lakini siku hiyo moto ulikuwa unawaka kweli, na maharagwe yalikuwa yanakaribia kuungua.